UVIMBE WA SHINGO: NENO KWA VIJANA



Kuna jambo ambalo vijana wengi wa mji wetu wa Lubumbashi huliona katika kioo, kisha hulificha. Msichana hufunga kitambaa shingoni hata katika joto la mwezi wa kumi. Kijana mwanamume hufunga vifungo vya shati mpaka juu. Ukimwuliza, husema anaona baridi. Si baridi. Ni uvimbe, naye anaogopa watu watasema nini, au anaogopa yale ambayo daktari atasema.

Nataka kukuambia neno moja juu ya uvimbe huo. Mwingi wake si kansa. Lakini mmoja mmoja ni kansa, na kwa kuutazama tu wewe huwezi kutambua ni upi, wala mimi muuguzi siwezi. Tena kansa ya mahali hapo, ikimpata mtu akingali kijana, huponyeka kuliko karibu kansa zote nyingine tunazozijua, kama akija mapema. Basi mwenye kuficha anajinyima nafasi nzuri aliyo nayo.

TEZI YENYEWE

Weka vidole viwili mbele ya shingo yako, chini kidogo ya kongomeo, yaani ile sehemu ngumu inayopanda na kushuka unapomeza mate. Hapo Mungu ameweka tezi ndogo yenye mabawa mawili, mfano wa kipepeo aliyetua juu ya bomba la pumzi. Madaktari huiita tiroidi. Katika mtu mzima uzito wake ni gramu 20 hivi, wala kwa kawaida haionekani kwa nje. Kazi yake ni kutengeneza homoni, ambayo huingia katika damu na kuuambia mwili utumie chakula kwa haraka au polepole, moyo upige kwa kadiri yake, mtoto akue na akili yake ikomae. Tezi hii ikilegea, mtu huona baridi, huchoka, hunenepa, hata mawazo yake huwa mazito. Ikizidi, hukonda, mikono humtetemeka, na moyo humwenda mbio.

Ili kuifanya kazi hiyo tezi huhitaji iodini. Huhitaji kidogo mno: mtu mzima mikrogramu 150 kwa siku, na mama mwenye mimba 250. Ukikusanya iodini yote ambayo mtu ataihitaji tangu kuzaliwa hata uzee wake, haitajaza kijiko cha chai. Lakini hiyo kidogo ikikosekana, tezi huanza kukua, kama mfanyakazi anayenyimwa vyombo na kujaribu kufidia kwa nguvu. Kukua huko ndiko rovu, ambalo hapa wengi huliita goitri.

Iodini iko nyingi baharini. Sisi tuko mbali na bahari, na katika sehemu nyingi za ndani ya Afrika mvua za miaka mingi zimeiosha kutoka udongoni na kuipeleka mtoni. Samaki wa maziwa na mito yetu, hata kapenta tunazozipenda, hawana iodini kama samaki wa bahari.

Nchi yetu ya Kongo imefundisha ulimwengu mengi juu ya jambo hili, na mafundisho hayo yalilipiwa na wagonjwa. Katika miaka ya 1960 madaktari, kati yao Wabelgiji François Delange na Ermans, walipima watu wa kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Upande wa kaskazini waliona rovu katika zaidi ya nusu ya watu. Upande wa kusini-magharibi walikuwa wachache tu. Wakapima iodini, wakakuta pande zote mbili zina upungufu ule ule. Basi tofauti ilitoka wapi? Ilitoka chunguni. Kaskazini watu walikula mihogo kwa wingi zaidi. Mihogo michungu ina sumu, na isipolowekwa siku za kutosha sumu hiyo hubaki. Mwili hujitahidi kuigeuza, lakini kile kinachotokea baada ya kugeuzwa huizuia iodini isiingie katika tezi. Huko Idjwi, na katika Ubangi kaskazini mwa nchi, walionekana pia watoto waliozaliwa viziwi, wafupi, wenye akili isiyokua, kwa sababu mama zao hawakuwa na iodini wakati wa mimba.

Nasema haya kwa mama anayepika bukari ya mihogo, au anayechanganya unga wa mihogo na wa mahindi. Sikukatazi. Loweka siku tatu au nne mpaka mihogo ilainike, mwaga maji yale, anika juani ikauke kabisa, ndipo usage. Sombe nayo itwangwe vizuri na kuchemshwa sana bila kufunika chungu. Na chumvi iwe ile yenye iodini. Zamani watu wa Katanga walipika chumvi katika chemchemi za Mwashya, nayo ilisifiwa mbali, lakini hakuna aliyeitia iodini. Tangu miaka ya 1990 serikali imetaka chumvi inayouzwa iwe na iodini. Sokoni, iwe Kenya, iwe Katuba, nunua iliyofungwa katika mfuko wenye maandishi, si ile ya kupimwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi juani. Nyumbani itie katika chombo chenye mfuniko, na uiweke katika chakula karibu na mwisho wa kupika, maana moto mwingi huipunguza iodini.

KOSA LANGU

Sasa nisipoeleza jambo moja, nitakuwa nimekufundisha nusu tu.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia msichana wa miaka 22, mwimbaji wa kwaya. Alikuwa na uvimbe mdogo upande wa kuume wa shingo yake, kama njugu. Haukumwuma. Niliushika kwa haraka, maana wagonjwa walikuwa wengi asubuhi ile, nikamwambia, “Ni rovu tu, mwanangu. Kula chumvi ya iodini.” Akaondoka kwa furaha, na mimi nikaona nimefundisha vema.

Baada ya miaka miwili alirudi. Njugu imekuwa yai la njiwa. Kandokando ya shingo kulikuwa na vidonge vingine vidogo, vigumu, vilivyopangika kama shanga. Na sauti yake ilikuwa imekwaruzika, hata kwaya ilikuwa imemwambia apumzike. Akaniambia, “Mama, nimekula chumvi ile siku zote.”

Ilikuwa kansa. Alipasuliwa, akapona, yuko hai hata leo na ana mtoto. Lakini sauti ile ya kwanza haikurudi. Chumvi haikumdhuru, ila chumvi huzuia rovu lisitokee. Haiondoi uvimbe mgumu uliokwisha kuwa mkubwa, wala haiondoi kansa. Nilimpa neno la kweli mahali pasipo pake. Tangu siku hiyo simwambii mtu yeyote “ni rovu tu” kabla tezi yake haijatazamwa vizuri.

Hili ndilo jambo gumu katika nchi zenye marovu mengi. Watu wamezoea kuyaona. Bibi alikuwa nalo, shangazi alikuwa nalo, na hakuna aliyekufa. Basi kansa hujificha kati ya marovu, kama magugu kati ya mahindi. Tena tezi yenye vinundu inayozidi kukua mwaka hata mwaka kwa kukosa iodini yaweza, katika watu wachache, kuzaa kansa ya aina ile ambayo hupita katika damu kwenda mifupani na mapafuni.

NI NANI ALIYE KARIBU ZAIDI NA HATARI?

Wanawake kuliko wanaume, karibu watatu kwa mmoja. Na tofauti na kansa nyingi, ambazo hungoja uzee, hii huwapata pia watu wa miaka 20, 30 na 40. Duniani kote ni mojawapo ya kansa zinazoonekana zaidi katika wanawake vijana. Basi usiseme, “Mimi bado mdogo, kansa ni ya wazee.” Mwanamume naye asijione salama: akipata kinundu, ni mara chache, lakini akipata, huenda kikawa kansa kuliko kile cha mwanamke. Katika jamaa chache ugonjwa huu hurithiwa. Kama baba, mama au ndugu yako wa tumbo moja amekuwa nao, mwambie daktari hata asipokuuliza.

Lakini sababu iliyojulikana wazi kuliko zote ni mionzi iliyopiga shingo ya mtoto. Kabla ya miaka ya 1960, katika nchi za Ulaya, Marekani na kwingineko, watoto walitibiwa kwa mionzi kwa ajili ya mashilingi ya kichwani, au kwa ajili ya mafindofindo. Wenye kufanya hivyo walitaka mema. Miaka mingi baadaye baadhi ya watoto wale walionekana na kansa ya tezi hii. Tarehe 26 Aprili 1986 mtambo wa nguvu za atomu ulilipuka huko Chernobyl, katika Ukraine. Iodini yenye mionzi iliangukia majani, ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa. Tezi za watoto, zilizo na njaa ya iodini, ziliipokea ile mbaya kama nzuri. Kufika 2005 watu zaidi ya 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati ule walikuwa wamepata kansa ya tezi. Ajabu ya kumshukuru Mungu ni kwamba waliokufa kwayo kufika mwaka huo walikuwa wachache sana, 15 hivi, kwa kuwa walitafutwa na kutibiwa.

Hapa wasomaji wa Katanga huniuliza mara moja juu ya Shinkolobwe. Ni swali la haki. Urani iliyochimbwa huko, karibu na Likasi, ndiyo iliyotumika zaidi kutengeneza mabomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, na kati ya watoto walionusurika huko kansa ya tezi iliongezeka. Lakini elewa vizuri. Iodini yenye mionzi huzaliwa urani inapopasuliwa, katika bomu au katika mtambo. Jiwe la urani lililolala ardhini haliitoi kwa namna ile. Madhara ya mgodi wa urani ni mavumbi na hewa yake, navyo hushika mapafu kwanza. Serikali ilikataza kuchimba Shinkolobwe mwaka 2004, na katika mwezi wa saba wa mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka ikaua watu. Usiende kuchimba huko, wala usijenge kwa mawe yake. Vivyo hivyo mavumbi ya kobalti yana makosa yake, na madaktari wa chuo kikuu chetu wameyaandika. Sitayatwika kansa ya shingo bila ushahidi.

Liko jambo dogo lililo mikononi mwako. Watu wa mjini wamependa mno kupigwa picha za mionzi. Kichwa kikiuma, picha. Mtoto akianguka, picha ya kichwa na shingo. Picha inayohitajiwa isikataliwe kamwe, maana huokoa. Ila kwa mtoto uliza kwa adabu, “Je, ni lazima?” Daktari mwema hatakasirika.

JITAZAME

Simama mbele ya kioo mahali penye mwanga, ukiwa na kikombe cha maji. Fungua kola, toa mikufu. Inua kidevu kidogo, kunywa funda moja, utazame chini ya kongomeo unapomeza. Uvimbe wa tezi hupanda na kushuka pamoja na kumeza. Kisha pitisha vidole polepole mbele na kandokando ya shingo, hata juu ya mfupa wa bega. Fanya hivyo mara moja moja. Usijipapase kila siku mpaka ukose usingizi.

Uje hospitalini ukiona uvimbe wowote ambao hukuwa nao. Uje upesi zaidi kama ni mgumu, au unakua kwa majuma machache, au sauti imekwaruzika zaidi ya majuma matatu bila mafua, au chakula kinakwama, au pumzi inapiga filimbi unapolala. Mwenye rovu la zamani aje kama sehemu moja yake imeanza kukua peke yake, au kama ana maumivu ya mfupa yasiyoisha. Kumbuka kwamba uvimbe mgumu usiouma si salama kwa sababu hauumi. Kansa hii kwa kawaida haiumi.

Vidonge vya kandokando ya shingo, visivyopanda unapomeza, vyaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika tezi ndogo za shingo. Katika nchi yetu jambo hili huonekana mara nyingi. Nalo lina dawa zake, tena bila malipo.

Kuna watu wanaochanja shingo na kupaka dawa, wengine huchoma kwa chuma cha moto. Nimeona vidonda vya namna hiyo vilivyooza juu ya uvimbe ambao ungetolewa kwa nusu siku. Wengine hunywa ile dawa ya iodini ya kupaka vidonda, wakidhani yatibu kwa haraka kuliko chumvi. Ni sumu tumboni, nayo huweza kuitibua tezi vibaya. Na wako ndugu zetu katika Bwana ambao hukaa miezi katika chumba cha maombi, wakiambiwa kwamba kwenda kwa daktari ni kukosa imani. Mimi ni mhubiri pia, huomba na wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Lakini Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa mganga, na Paulo alimwita mpendwa. Omba njiani ukija.

UTAKAYOKUTANA NAYO

Usiogope kipimo. Kwanza daktari atakushika shingo na kukuuliza habari za jamaa yako. Kisha utalala kitandani, na mtu atapitisha shingoni chombo laini chenye mafuta ya baridi. Hii ni ekografi, haina mionzi wala maumivu. Kama kinundu chatia shaka, watachoma kwa sindano nyembamba na kuvuta chembe chache za kutazamwa kwa darubini. Sindano hii haisambazi kansa, ingawa maneno hayo nimeyasikia mara nyingi sokoni. Kati ya vinundu kumi, tisa na zaidi huonekana si kansa, na mwenye navyo hurudi nyumbani akingojea kutazamwa tena.

Mjini ziko nyumba ndogo za vipimo zinazowaita watu waje wapigwe ekografi ya shingo hata kama hawana kitu. Hilo silisifu. Korea ya Kusini ilifanya hivyo kwa bidii, na kati ya 1993 na 2011 kansa za tezi zilizoandikwa ziliongezeka mara 15, lakini idadi ya waliokufa haikubadilika. Maana yake walikuwa wanatafuta vijinundu vidogo mno, ambavyo visingemdhuru mtu maisha yake yote, na watu wengi walikatwa tezi bure. Kama hushiki kitu shingoni, wala huna dalili, weka fedha zako kwa ajili ya chakula na chumvi.

Ikiwa ni kansa, dawa ya kwanza ni kupasuliwa. Hutolewa nusu ya tezi au tezi nzima, kadiri ya ukubwa wa ugonjwa. Daktari mpasuaji hujilinda na vitu viwili: mshipa wa sauti unaopita nyuma ya tezi, na tezi nne ndogo kama punje za mchele zinazotunza chokaa ya damu. Baada ya kupasuliwa, ukiona ganzi kuzunguka midomo, au vidole vinakazana, mwite muuguzi saa ile ile, hata usiku. Wengine huongezewa iodini yenye mionzi ya kunywa. Ile ile iliyowadhuru watoto wa Chernobyl, ikipimwa na kuongozwa, hufuata chembe za kansa zilizobaki na kuziua. Hii haipatikani kila mahali, na huenda ukatumwa mbali. Mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha asiinywe, na baada ya kuinywa angoje angalau miezi sita kabla ya kushika mimba.

Mtu ambaye tezi yake yote imetolewa humeza kidonge kimoja kila asubuhi, kabla ya kula, maisha yake yote. Kidonge hicho ni homoni ile ile ambayo tezi ilikuwa ikitengeneza. Hapa ndipo wengi hukosa. Jeraha limepona, mwili una nguvu, fedha ni chache, basi wanaacha. Baada ya majuma huanza kuvimba uso, kuona baridi, kulala mchana; jamaa husema amerogwa. Hakurogwa, ameacha kidonge. Kama fedha zimekwisha, njoo useme kabla dawa haijaisha ndani ya nyumba. Heri kuona haya mbele ya muuguzi mmoja.

Wasichana huniuliza kwa sauti ndogo kama wataolewa na kuzaa. Wataolewa. Watazaa. Mama mwenye mimba asiache kidonge hata siku moja, na mara ajuapo ana mimba amwambie daktari, maana mara nyingi kipimo huongezwa. Mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi ya kwanza. Alama ya kisu hubaki shingoni kama mkunjo mwembamba, na katika wengi hufifia.

Ukija kwetu, uje asubuhi, umevaa nguo isiyobana shingo. Lete karatasi zote za vipimo vya zamani, hata zilizochakaa, na taja kila dawa uliyotumia, ya hospitali na ya kienyeji pia. Uje na mtu mmoja wa nyumbani mwako, mama, mume au kaka, ili asikie pamoja nawe yale yatakayosemwa.